Kadi haijaungua: mashine ya CNC ikigoma baada ya kuhamishwa

Simu iliingia Jumanne, chai sijamaliza. "Fundi, mashine imekufa. Kadi imeungua njiani."

Nikamuuliza, umeiona hiyo kadi (bodi ya elektroniki) ilivyoungua? Hajaiona. Kuna harufu? Hakuna. Sasa amejuaje? Juzi mashine hiyo ya CNC, inayokereza chuma kwa kuongozwa na kompyuta, ilikuwa inakereza Keko, ikapakiwa kwenye lori, ikashushwa Vingunguti, leo haikerezi. Na tayari ameshapatikana mtu wa kumuuzia kadi nyingine kutoka Dubai, anataka nusu ya hela mapema.

Mwaka huu ni mara ya nne naambiwa maneno hayohayo. Jamani, kadi iliyokaa kwenye kabati la umeme miaka 30 haiungui kwa kupanda lori. Lorini hakuna umeme wa kuiunguza. Umeme unaoweza kuiunguza uko kwenye karakana mpya, siku ya kuunganisha. Mashine nyingi za Kijapani za zamani zinataka volti 200, na ukutani kwetu kuna 400. Kati yake lazima pawe na transfoma, na hiyo transfoma lazima ihame pamoja na mashine. Pima volti zinazotoka kwenye transfoma, fezi zote tatu (nyaya tatu za umeme), kabla hujapandisha swichi kubwa. Funga athi yake vizuri. Hilo nalisema mara moja, wanaolipuuza wananiita wakati kweli kuna kitu kimeungua.

Nilipofika Vingunguti, skrini ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Kontrola yenyewe, kompyuta ya mashine, ndiyo iliyokuwa inatoa alamu: presha ya haidroliki ndogo. Kadi iliyokufa haikuandikii tatizo lake kwenye kioo. Taya za kushikia chuma hazifungi, mshale wa geji ya presha umelala sifuri, na mota ya pampu inanguruma kama kawaida. Nikachuchumaa nyuma ya mota. Mshale uliochorwa kwenye ganda unaelekeza kulia, feni inazunguka kushoto. Fezi mbili zimepishana, basi, ndiyo maana mota inazunguka kinyume.

Fundi umeme wao akakataa. "Haiwezekani, mzee. Mhimili wa X na wa Z zote zinakwenda upande sahihi. Fezi zingepishana, si zingerudi nyuma?"

Hoja hii naichukia kwa sababu inaonekana ya akili, na imeshawapotosha watu wengi wazuri. Mota za sevo, zile zinazosogeza kisu kwenye mihimili ya X na Z, hazioni fezi za ukutani. Draivu, kifaa kinachoendesha mota hizo, inapokea umeme wa AC, inaugeuza kuwa DC, halafu inatengeneza umeme wake yenyewe wa kuendesha mota. Ukipishanisha fezi hata mara kumi, sevo itakwenda palepale ilipoambiwa. Spindeli, ile inayozungusha chuma, yenye draivu ya kisasa kidogo ni vivyo hivyo. Baadhi ya draivu za zamani za thairista (swichi za kielektroniki) ndizo zinazokagua mpangilio wa fezi na kugoma. Wanaoumia ni wale waliofungwa moja kwa moja kupitia kontakta (swichi inayovutwa na umeme): pampu ya haidroliki, pampu ya maji ya kupoozea, na mota ya kutolea mabaki ya chuma yaliyokatwa. Ukitaka kujua fezi, waulize hao. Ukiacha pampu ya haidroliki izunguke kinyume kwa muda, inajisaga bila mafuta, na hapo ndipo tatizo la waya mbili linageuka kuwa tatizo la kununua pampu.

Halafu linakuja kosa la pili. Akishakubali, anakwenda kugeuza waya mbili kwenye mota ya haidroliki peke yake. Presha inapanda, taya zinafunga, watu wanapiga makofi. Lakini pampu ya maji bado inazunguka kinyume. Pampu ya aina ile ikizungushwa kinyume haikatai, inatoa maji kidogo kidogo. Baada ya wiki mbili utasikia "pampu ya maji imechoka". Haijachoka! Geuza waya mbili kwenye njia kuu inayoingia kwenye mashine, mahali pamoja, na kila kitu kinakaa sawa. Tulifanya hivyo, dakika kumi, na mtu wa Dubai akapigiwa simu ya kumshukuru.

Betri. Kuna mwingine aliiacha mashine uani miezi minne chini ya turubai akisubiri karakana iishe. Betri za kumbukumbu zikaisha, parameta zote (mipangilio ya mashine) zikafutika, na yeye naye akasema kadi. Kwenye kontrola ya Fanuc 0 ni betri tatu kubwa za alkalaini, zile za tochi, zinauzwa dukani. Zibadilishe kontrola ikiwa imewashwa. Ukizitoa imezimwa, unafuta kila kitu kwa mkono wako. Na kabla ya kuhama, piga picha kila ukurasa wa parameta, kuanzia namba ya kwanza hadi zile za 900. Usije kuniomba za mashine ya jirani "kwa sababu ni modeli moja". Za jirani ni za jirani.

Kingine ni vyuma vya kuzuia gari la mashine (sehemu inayobeba kisu) lisitembee njiani. Vitoe. Mara mbili nimeitwa kwa alamu ya mota kuzidiwa, nikafungua kifuniko nikakuta boliti bado zimekaza.

Kuna jambo moja huwa linanisumbua. Mashine ikiwa na alamu isiyoeleweka, huwa nazima umeme, nachomoa kadi na plagi moja moja, nasafisha meno yake, narudisha. Mara nyingi inapona. Naamini ni mtikisiko wa barabara na kutu nyepesi kwenye meno. Lakini siwezi kuapa. Sijawahi kuonyesha kwa kipimo plagi ipi ndiyo ilikuwa na kosa, na mteja akiniuliza nimetengeneza nini, namjibu hivyohivyo: nimechomoa, nimerudisha.

Nije kwenye usawa, maana hapa ndipo kazi inapoharibika kimyakimya. Yule bosi wa Vingunguti, taya zilipofunga, akakereza shafti ya kwanza. Upande wa taya na upande wa nje vikatofautiana kipenyo milimita 0.04. Akasema, "Lakini fundi mwashi aliweka pimamaji, sakafu imenyooka."

Pimamaji ya mwashi kwa kawaida inasoma nusu milimita kwa mita. Ya mashine inasoma milimita 0.02 kwa mita. Ile ya mwashi haioni kabisa kitu tunachokitafuta. Na hata hicho tunachokitafuta siyo usawa! Mashine inaweza kuinama kidogo na ikakereza vizuri miaka yote. Kinachoiharibu ni kujipinda: mguu mmoja umebeba kidogo, wa pili umebeba sana, kitanda, lile chuma kubwa la chini, kinakamuliwa kama nguo. Kwa hiyo usihangaike na kiputo kukaa katikati. Weka pimamaji juu ya gari la mashine, ikielekea kwako, lisogeze gari toka kwenye spindeli hadi mwisho, utazame kama kiputo kinahama. Kikihama, kaza au legeza boliti ya mguu mmoja, robo mzunguko, subiri, rudia. Sisi ilituchukua saa tatu. Kisha kipande cha chuma kinene, bila tegemeo nyuma, mkato mwepesi, kisha pima kwa maikromita pande zote mbili. Tukafika tofauti ya milimita 0.008.

Wapo wanaosema mguu unamaliza kila kitu. Mimi nimekutana na mashine fupi zenye kitanda kigumu ambazo miguu unaizungusha na kipimo hakibadiliki. Moja ilikuwa kichwa cha spindeli kimegongwa na foklifti. Nyingine, hadi leo sina uhakika kama ni kichwa au ni kitanda, tuliipangilia kichwa na ikakubali.

Zege la Vingunguti lilimwagwa wiki tatu tu kabla ya mashine kufika. Nimemwambia bosi nitarudi mwezi ujao na pimamaji yangu, maana lile zege bado linakaa, na miguu itakuwa imeshuka pamoja nalo.