Kabati la ukutani kwenye nyumba ya zamani: mnayoambiwa na ukweli wake

Mtu akishaamua kugeuza chumba kwenye nyumba ya zamani, tuseme kilikuwa stoo au chumba cha kulia chakula sasa anataka kiwe cha kulala, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni kabati la nguo litakaa wapi. Na hapohapo ushauri unaanza kumiminika, jirani ana lake, shemeji ana lake, fundi naye ana lake, na mengi ya hayo yanafaa kwenye nyumba mpya yenye kuta kavu zilizonyooka. Nyumba ya zamani ni habari nyingine kabisa. Mimi nimeshageuza vyumba viwili kwenye nyumba ya aina hiyo na kabati la kwanza nililibomoa kwa mikono yangu, kisa nililiegemeza kwenye ukuta ambao sikuujua vizuri, kwahiyo haya nayaandika nikiwa na uchungu nayo kwa kweli, sitaki mtu mwingine apoteze mbao na nguo kwa kosa lilelile.

Dhana: "Chumba kisipokuwa na kabati la ukutani hakihesabiki kuwa cha kulala."

Hii inasemwa sana Marekani, hasa pale nyumba inapouzwa, alafu imesambaa hadi kwa watu wasiohusika nayo. Ukweli ni kwamba hata hukohuko Marekani, kanuni ya mfano inayofuatwa na majimbo mengi, International Residential Code, haidai kabati popote. Inachodai ni chumba kisipungue mita za mraba 6.5 hivi, upande mfupi usipungue mita 2.13, kuwe na kitambua moshi, na kuwe na dirisha au mlango wa kutokea moto ukizuka, dirisha lenyewe liwe na uwazi wa mita ya mraba 0.53 hivi na ukingo wake wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Wapo waliokuwa na kanuni zao za eneo, hao waulize mamlaka zao, lakini uone ajabu yake: mtu anajenga kabati linalofunika nusu ya dirisha ili chumba "kiwe cha kulala", kumbe amekiondolea kile kitu hasa kinachomfanya mtu alale salama. Anza na dirisha na mlango, kabati linatafutiwa nafasi inayobaki.

Dhana: "Zamani hawakujenga makabati kwa sababu kabati lililipiwa kodi kama chumba."

Hii nayo inasimuliwa sana kuhusu nyumba za enzi za ukoloni Marekani na hakuna ushahidi wa kodi kama hiyo. Watu walikuwa na nguo chache, walizikunja wakaweka kwenye masanduku, nyingine walitundika kwenye vigingi na misumari, basi. Hanga yenye umbo la mabega ilikuja kuenea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ndo maana ukikuta kabati asili kwenye nyumba kuukuu lina kina cha sentimita 30 au 40 tu, halikujengwa kwa ajili ya hanga, na ukilazimisha hanga humo mlango haufungi.

Kutoka hapo tunakuja kwenye vipimo, ambako nako kuna dhana kwamba kina cha sentimita 45 kinatosha kwa sababu hanga ina upana wa sentimita 42 hadi 45. Hanga inatosha ndiyo, ila koti lenye mabega na mikono linafika 55, kwahiyo nafasi safi ya ndani iwe 60 na bomba la kutundikia likae katikati, kama sentimita 30 kutoka ukuta wa nyuma. Milango ya kusukuma pembeni inaongeza sentimita 8 hadi 10 kwa ajili ya reli zake, na watu wanaichagua wakidhani inaokoa nafasi bila gharama yoyote wakati kila mara unaona nusu tu ya kabati. Sasa piga hesabu: chumba cha mita 3 kwa 3.5, kabati linachukua ukuta wote wa mita 3, ndani 60 na ukuta wa mbele 10, umeondoa mita za mraba 2.1 kati ya 10.5, yaani moja ya tano ya chumba imeenda. Kwenye chumba kidogo kuliko hicho mimi ningechukua kina cha 35 hadi 40 na kuweka bomba fupi la kuvuta mbele, nguo zikatazama mlangoni badala ya kutazama pembeni, na sehemu kubwa ikabaki rafu za nguo za kukunja.

Urefu wa kwenda juu usiuache kwa fundi akisie. Bomba moja likae kama sentimita 165 hadi 170 kutoka sakafuni, ukitaka mawili juu na chini weka la chini 100 hivi na la juu 205 hivi, mashati na suruali zilizokunjwa zinakaa vizuri kabisa. Magauni marefu na kanzu zinataka sehemu yake peke yake.

Dhana: "Ukuta wenye unyevu ukishawekewa kabati tatizo limekwisha."

Hapa ndipo nilipoumia na hapa nataka mnisikilize. Ukuta wangu ulikuwa wa nje, una alama ndogo ya rangi iliyovimba karibu na sakafu, nikaambiwa piga rangi ya mafuta weka plaiwudi nyuma hutaiona tena, nami nikafanya hivyohivyo. Ndani ya msimu mmoja wa mvua nguo zikaanza kunuka, nikatoa suti moja mgongoni ina madoa ya kijani na nyeupe, nilipobandua plaiwudi nyuma yote ilikuwa kuvu kuanzia chini hadi kiunoni.

Kinachotokea ni hiki. Hewa ya chumbani ina mvuke wa pumzi zetu na wa nguo zisizokauka sawasawa, inaingia ndani ya kabati, inakuta ukuta wa nje ambao ni wa baridi kuliko kuta nyingine, na kwa sababu humo ndani hewa haitembei ule mvuke unageuka maji hapohapo ukutani. Hiyo ni moja. Pili kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa na mawe au matofali, bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi, maji yanapanda kutoka ardhini na kutokea usoni mwa ukuta, ukuta unakauka kwa kupumua. Ukiufunga kwa rangi ya mafuta, nailoni au simenti nzito maji hayaendi popote, yanapanda juu zaidi au yanatokea upande wa ndani kwenye mbao zako.

Kabla hujanunua hata ubao mmoja fanya jaribio hili, halina gharama. Chukua kipande cha nailoni safi kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiwe na upenyo, uache siku kadhaa. Maji yakionekana upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe, na hapo kabati lisubiri kwanza utafute chanzo, mfereji wa paa uliotoboka, udongo uliopanda juu ya msingi nje, bomba linalovuja. Yakionekana upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, na hilo linatibika kwa kupitisha hewa.

Kupitisha hewa maana yake kabati lisigusane na ukuta wa nje, acha sentimita 3 hadi 5 nyuma, liinue kutoka sakafuni, toboa matundu chini na juu ili hewa iingie huku itokee kule, matundu ya juu peke yake hayasaidii kitu. Milango yenye vibao vya mshazari ni mizuri kwa hili. Kipima unyevu kidogo kikiwekwa ndani kinakwambia ukweli, ikisoma zaidi ya asilimia 60 kila siku jua kuvu iko njiani. Naftalini haizuii kuvu, inafukuza nondo tu na mvuke wake sio mzuri kuuvuta usiku kucha mkiwa mmelala humohumo. Na kama una uwezo wa kuchagua, weka kabati kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba viwili, nusu ya matatizo haya huyaoni.

Dhana: "Ukuta ukiugonga ukalia mtupu ujue haubebi kitu, bomoa tu."

Hapana. Ukuta wa fremu ya mbao unalia mtupu katikati ya nguzo zake hata kama ghorofa nzima imeukalia. Cha kuangalia ni boriti za dari zinalala upande gani na zinaishia wapi, na juu yake kuna ukuta mwingine au paa linaegemea hapo. Kama unataka kuchonga kabati ndani ya ukuta, mtu anayejua miundo aje aone kwa macho, na hata ukuta usiobeba mzigo unaweza kuwa na nyaya na bomba la maji ndani. Upande wa pili wa jambo hili watu wanausahau: usijenge kabati kwa tofali juu ya sakafu ya mbao, ule uzito sakafu haikupangiwa.

Vumbi nalo lisemwe. "Sugua rangi ya zamani tu ndo mpya ishike." Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, Marekani ilipiga marufuku matumizi yake majumbani mwaka 1978 kwahiyo nyumba za kabla ya hapo zinatiliwa shaka, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, akili zao ndio zinakua. Silingi bodi za zamani na vigae vya sakafu vinaweza kuwa na asbesto. Ipimwe kwanza, na kama huna uhakika usisugue ikiwa kavu, usikate na mashine, watoto na mjamzito wasiwepo humo.

Dhana: "Pima upana na urefu, mpe seremala, aje kupachika."

Kwenye nyumba ya zamani hakuna kona ya nyuzi 90, niamini. Pima upana sehemu tatu, chini, katikati na juu, chukua kilicho kidogo kabisa, alafu pima urefu wa dari kushoto, katikati na kulia. Kona uijaribu kwa 3-4-5, weka alama sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili, mshazari ukiwa 100 kona imenyooka, ukizidi au kupungua ujue ni kiasi gani. Kabati lenyewe lifanywe dogo kidogo kuliko nafasi na pengo linazibwa na ubao mwembamba unaochongwa kufuata mikunjo ya ukuta. Msingi wa kabati uwekwe kwanza peke yake, usawazishwe na pimamaji na kabari, ndo masanduku ya kabati lenyewe yapande juu yake.

Na kuna hili linaliza wengi: kabati la urefu wa sentimita 240 na kina cha 60 likiundwa limelala chini, kulisimamisha linahitaji dari ya sentimita 247 na nusu, maana linapita kwa mshazari wake. Dari yako ikiwa 245 linakwama hewani. Liundwe vipande viwili au liunganishwe likiwa limesimama.

Rafu ndefu zinapinda, hilo mbao nzuri pekee haitibu. Urefu ukiwa mara mbili bila nguzo ya kati, na mzigo umesambaa vilevile, kupinda kunakuwa mara 16. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ya milimita 18 usiivushe zaidi ya sentimita 80 hivi bila nguzo, bomba la nguo liwekewe kishikio kila mita moja au zaidi kidogo. Plagi za plastiki kwenye lipu ya zamani inayomeguka zinang'oka na lipu yake, skrubu ifike kwenye tofali gumu au nguzo ya mbao.

Balbu ya kizamani inayochemka ndani ya kabati ni hatari, karibu na nguo inawasha moto, tumia LED yenye kifuniko. Boksi la breka za umeme kamwe lisiwe ndani ya kabati la nguo.

Dhana ya mwisho ni ile ya "limekamilika, jaza nguo leo". Rangi, gundi ya MDF na lipu mpya bado vinatoa harufu na maji. Acha milango wazi wiki mbili au zaidi, anza na nguo chache, na mvua kubwa ya kwanza ikishapita chukua tochi, toa nguo za chini, ingiza mkono hadi nyuma kabisa uguse ukuta.