Kwa nini lambo lililogeuka kijani linaweza kuua ng'ombe?

Ifikapo Oktoba katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, malambo huwa yamepungua kina na maji yake yamepata joto, na asubuhi moja mfugaji anaweza kukuta ukingo mmoja umefunikwa na utando wa kijani unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagwa juu ya maji. Ng'ombe walionyweshwa hapo wanaweza kufa kabla ya jua la kesho, ilhali wa jirani, waliokunywa ng'ambo ya lambo hilohilo, wanarudi zizini salama. Ni rahisi basi kumshuku jirani kuwa ameweka sumu. Naomba kabla ya kumshuku yeyote tuyatazame maji yenyewe, kwa kuwa sumu hiyo inaweza kutengenezwa na kiumbe asiyeonekana kwa macho.

Kiumbe huyo huitwa mwani wa kijani-buluu, ingawa si mwani hasa bali ni bakteria, sianobakteria, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo mahindi. Wamo karibu katika kila maji, na wakiwa wachache hawadhuru. Huongezeka kupita kiasi pale joto, utulivu wa maji na wingi wa fosforasi na nitrojeni vinapokutana. Na lambo ambalo ng'ombe huingia hadi maji yakawafika tumboni, wakaacha humo samadi na mkojo, lina vyote vitatu. Baadhi ya bakteria hao wana vifuko vya hewa ndani ya seli, hivyo huelea, na upepo huwasukuma hadi ukingo mmoja. Ndiyo sababu kundi moja hufa na jingine hupona.

Sumu yao inayojulikana zaidi ni mikrosistini, pete ndogo ya asidi-amino saba. Ini lina malango maalumu ya kuvuta chumvi za nyongo kutoka kwenye damu ili zitumike tena, na mikrosistini hupenya kwa malango hayohayo. Ikishaingia, huvuruga vimeng'enya vinavyotunza kiunzi cha ndani cha seli. Seli hunywea na kuachana, vijishipa huharibika, na damu ya mnyama hukusanyika ndani ya ini lake mwenyewe. Ng'ombe huacha kula, hupauka ufizi, hulala chini, na huenda akafa ndani ya siku moja bila tone la damu kuonekana nje. Anayempasua hukuta ini limevimba na kuwa jeusi kwa damu.

Wapo wanaopona, lakini mateso yao huendelea. Rangi ya kijani iliyomo katika majani huvunjwa tumboni mwa ng'ombe na kuwa kemikali inayoamshwa na jua. Ini zima huiondoa kupitia nyongo, ila ini lililoumia huiacha izunguke hadi kwenye ngozi. Baada ya siku kadhaa ng'ombe wa madoa huungua sehemu nyeupe peke yake: ngozi ya doa jeupe huvimba, hukakamaa na kubanduka kama gome la mti, huku doa jeusi lililo kando yake likibaki zima. Mimea fulani yenye sumu huleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo ni vema afisa mifugo aelezwe malisho na maji pia.

Sumu nyingine, anatoksini, hushambulia mishipa ya fahamu. Hujifanya kuwa ile kemikali ambayo mshipa huitumia kuuamuru msuli ukaze, lakini mwili hauwezi kuivunja, hivyo msuli hukazwa hadi unachoka kabisa. Ikifika kwenye misuli ya kupumua, mnyama anaweza kufa kwa dakika chache, na hakuna dawa ya kuipinga.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1878 mkemia George Francis aliandika kuhusu kondoo, farasi, mbwa na nguruwe waliokufa baada ya kunywa maji ya ziwa Alexandrina nchini Australia. Mwaka 2020, tembo zaidi ya 300 walikufa karibu na Okavango, na serikali ya Botswana ikataja sumu za sianobakteria kuwa chanzo.

Kuchemsha maji hakusaidii, kwa sababu mikrosistini hustahimili moto. Kumwaga mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ni hatari zaidi: huwaua bakteria, nao wakipasuka huachia sumu yote kwa mara moja. Katika kisiwa cha Palm, Australia, mwaka 1979, watu karibu 150, wengi wao watoto, waliugua baada ya bwawa lao kutiwa mrututu.

Mtu anayetaka kuyapima maji avae glavu, ajaze chupa angavu robo tatu, kisha aiache usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, kijani kikiwa kimepanda juu na kufanya pete, huenda ni sianobakteria. Kikiwa kimetua chini, inaelekea ni mwani wa kawaida. Kipimo hiki hakionyeshi kama sumu imo, lakini kinatosha kuwahamishia mifugo kisimani huku afisa mifugo akiitwa. Utando ukitoweka, wasirudishwe siku hiyohiyo, kwani sumu inaweza kubaki majini kwa siku kadhaa hata majuma. Lambo likizungushiwa uzio wa miiba na maji yakavutwa kwa pampu hadi kwenye birika la kunyweshea, samadi haitaingia tena majini, na bakteria hao watakosa sehemu kubwa ya chakula chao.