Umebadilisha kila kitu na gari bado linachemsha

Jumatatu ndiyo siku ninayopokea magari ya watu waliojitengenezea wenyewe. Jumamosi mchana mtu anafungua boneti nyumbani, Jumapili jioni giza linamkuta bado ameinama, na Jumatatu asubuhi gari linafika kwangu likivutwa kwa kamba, vipande vyake vikiwa kwenye ndoo juu ya kiti cha nyuma. Nina zaidi ya miaka 20 katika kazi hii hapa Dar es Salaam, mingi nikishughulika na Toyota ndogo zinazoletwa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Ninachokiona kwenye nyuso za watu wa Jumatatu si uzembe. Ni uchungu wa mtu aliyefuata maelekezo yote, akatoa fedha, akachubuka vidole, na gari likabaki vilevile.

Naandika kwa ajili yao. Mwenye gari ana haki ya kulifungua gari lake, na fundi anayemfukuza mteja asichungulie kazi inavyofanyika simwelewi. Lakini kuna jambo ambalo video za mtandaoni hazilionyeshi, nalo ndilo linalowamaliza watu: kazi ya kujua kilichoharibika hutangulia kazi ya kufungua, na hiyo ya kwanza ndiyo ngumu.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea Toyota IST yake, ile ya umbo la kwanza yenye injini ya 1NZ, cc 1500. Ilikuwa inachemsha.

“Fundi, nimebadilisha kila kitu,” aliniambia, na hakuwa anatia chumvi. Alianza na mfuniko wa rejeta, kile kipoza maji ya injini. Haikusaidia. Akaweka themostati mpya, kilango kinachofungua njia ya maji injini ikipata joto, kisha jirani akamshauri aitoe kabisa, akaitoa. Wikiendi iliyofuata akafunga wota pampu, pampu inayozungusha maji ya injini. Mwisho akaenda Kariakoo kununua rejeta ya mtumba, akaifunga mwenyewe, na akaifunga vizuri kwelikweli. Wikiendi nne zilikwisha hivyo.

Nikamuuliza, “Mwalimu, linachemsha ukiwa wapi?”

Akafikiri. “Kwenye foleni. Nikishika njia ya Bagamoyo likipata mwendo, hata halina tatizo.”

Nikamwomba awashe gari na AC. Feni ya rejeta haikuzunguka. Kwenye boksi la fyuzi nikachomoa rilei ya feni, ile swichi ya umeme inayoiwasha, na kupachika mahali pake rilei nyingine ya aina hiyohiyo iliyokuwa jirani yake. Feni ikazunguka. Miguu ya rilei ya zamani ilikuwa imeungua hadi plastiki ikawa kahawia. Kazi yote haikuzidi dakika kumi, na mwalimu alikaa kimya kwa muda mrefu. Ukimya ule naujua, na haunifurahishi hata kidogo.

Jibu lilikuwa kwenye sentensi yake mwenyewe. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta na kuipoza, feni iwe nzima au mbovu. Kwenye foleni upepo huo haupo, kuna feni peke yake. Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likipata mwendo linakuelekeza kwenye feni: mota yake, rilei, fyuzi, au sensa inayopeleka habari ya joto kwenye kompyuta. Gari linalovumilia foleni lakini linachemsha kwenye mwendo mrefu au mlimani linasema kitu kingine, kwamba injini inatoa joto kuliko rejeta inavyoweza kulipokea. Hapo ndipo unapoikagua rejeta kama imeziba, wota pampu, hozi iliyolegea inayojikunja kwa ndani. Na lile ambalo hozi yake ya juu inakuwa ngumu kama gongo ndani ya dakika chache tangu liwashwe asubuhi, kabla maji hayajapata moto, huku mapovu yakipanda bila kukoma, hilo kwa kawaida linapitisha gesi ya silinda kwenye maji. Hapo ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini, au hedi yenyewe imepinda. Katika yote haya bado hujashika spana.

Hili la kutoa themostati nalipinga kila siku na bado watu wanalifanya. Katika injini hiyo themostati huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi. Ikishafunguka yote, maji yanapita. Kuiondoa hakuizungushi feni iliyokufa wala hakuizibui rejeta. Kunachofanya ni kuichelewesha injini kupata joto lake, kompyuta inaamini bado ni asubuhi ya baridi na inaendelea kumwaga petroli zaidi. Baada ya mwezi mtu anarudi akilalamika gari linakula mafuta, na ameshasahau alichokitoa.

Na maji yenyewe! Visima vingi vya jiji hili vina chumvi. Bloku na hedi ya 1NZ vyote ni aluminiamu, na maji ya chumvi yanaila aluminiamu taratibu hadi njia za maji zinajaa tope la kahawia. Tumia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Ukiwa umekwama njiani weka maji safi ya kunywa, ufike, umwage, uweke kulanti.

Ukishamaliza kazi yoyote ya maji, kuna jambo moja linalowafanya watu wadhani wamefunga spea feki: hewa. Hewa iliyobaki ndani hukaa sehemu ya juu ya injini, maji hayaifiki, na gari linachemsha tena siku ileile. Jaza polepole, weka hita kwenye joto la mwisho ili maji yapite huko pia, acha gari liungurume mfuniko ukiwa wazi tangu likiwa la baridi, na uongeze kila yanaposhuka hadi themostati ifunguke na mapovu yakome. Mfuniko ukishaufunga, usiuguse tena gari likiwa la moto. Kazi yake ni kushikilia mgandamizo wa takriban bar moja, na chini ya mgandamizo huo maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Ukiufungua, yanachemka ghafla na kuruka pamoja na mvuke mbele ya uso wako.

Nimejiuliza sana kwa nini watu wenye akili timamu wanabadilisha spea kwa kubahatisha. Nadhani ni kwa sababu spea unaweza kuinunua na kuishika mkononi, ukaona umefanya kitu. Kupima hakukuachii chochote mkononi isipokuwa habari. Hata kifaa cha kusoma namba za hitilafu watu wanakitumia kama orodha ya manunuzi. Kinasoma P0171, mtu anakimbilia sensa ya oksijeni. Namba ile inasema tu kwamba kompyuta imeona hewa imezidi kiasi kinachoifaa petroli iliyopo. Mara nyingi ninachokuta ni mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, nayo ndiyo inayotupwa. Jua pia kwamba magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaongei na vile vifaa vya bei nafuu vya bluututhi. Kikikataa kuunganika, usihitimishe kuwa kompyuta ya gari imekufa.

Sasa tuje kwenye bolti, maana hapa ndipo Jumapili za watu zinapoishia.

Video inaonyesha mikono safi ikizungusha spana mara mbili na bolti inatoka. Gari lako limeishi maisha mengine. Kuna IST mbili za mwaka mmoja, rangi moja, na chini yake ni kama magari ya karne mbili tofauti, kwa sababu moja ilitumika huko Hokkaido ambako barabara za theluji hunyunyiziwa chumvi, kisha ikaja kumalizia maisha kwenye upepo wa bahari ya Hindi. Bolti zake zimeota kutu hadi zimekuwa kitu kimoja na chuma kilichozishika. Kazi ya saa moja kwa gari la kwanza ni kazi ya siku nzima kwa la pili. Kabla hujaamua kujitengenezea, ingia chini na tochi uangalie. Ukiona kutu inabanduka kama maganda, ongeza muda, na uwe na usafiri mwingine wa Jumatatu.

Bolti iliyoshika haitaki hasira. Isugue kwa brashi ya waya hadi uzi wake, ile mikato inayoizunguka, uonekane. Nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu jioni, rudia asubuhi. Igonge kichwani kwa nyundo, mapigo mafupi ya moja kwa moja, ili kutu ipasuke ndani. Tumia soketi ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili inayokamata kwenye ncha tu na kukilainisha kichwa. Kisha jaribu kwanza kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Ikisogea hata upana wa unywele, umeshinda: rudisha, ongeza mafuta, peleka, rudisha. Ikianza kuwa laini mkononi kama inayovutika, simama hapohapo. Hiyo haifunguki, inakatika.

Mimi nilivunja yangu ya kwanza nikiwa bado najifunza, bolti ya ekzosi kwenye hedi, injini ikiwa ya moto na mimi nikiwa na haraka. Fundi wangu hakunigombeza. Alinipa drili, akaniambia nitoboe katikati kabisa, na akakaa pembeni. Nilitumia siku nzima kuitoa ile milimita chache ya chuma bila kuharibu uzi wa aluminiamu unaoizunguka. Tangu siku hiyo mkono wangu unaijua tofauti kati ya bolti inayokubali na bolti inayokufa, na huo ndio ujuzi ambao siwezi kuuandika hapa hata nikitaka.

Kukaza nako kuna kipimo chake. Nati za tairi za Toyota hizi hukazwa kwa Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 103. Kwa spana yenye urefu wa nusu mita, hiyo ni sawa na kuvuta uzito wa kilo 21 hivi. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana ya sentimita 30 anaweka karibu mara mbili ya hapo, kisha anashangaa siku ya pancha nati hazifunguki au stadi, bolti inayoshika nati, imekatika. Plagi za 1NZ zinataka Nm 18 tu, nguvu ya mkono mmoja uliotulia, na zifunguliwe na kufungwa injini ikiwa ya baridi kwa sababu uzi wake uko kwenye aluminiamu. Plagi iliyoingia upande inaharibu hedi. Ianze kwa vidole, bila spana, izunguke yenyewe hadi chini.

Kuhusu breki nitakuwa mkali. Kubadilisha pedi ni kazi mwenye gari anaweza kuijifunza vizuri. Kutoa hewa kwenye mfumo ni kazi nyingine, na wengi wanaharibu masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedali, humo bila kujua. Katika gari la zamani, pedali ikikanyagwa hadi sakafuni, mipira ya ndani ya masta inafika sehemu ambayo haijawahi kupita kwa miaka, yenye kutu na uchafu, nayo inachanika. Ulianza na hewa kidogo, umemaliza huna breki. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho. Kopo la mafuta ya breki lisiishe hata mara moja, na anayekanyaga asiachie mguu kabla hujakaza skrubu. Na kama pedali bado ni laini baada ya yote hayo, gari lisitoke getini.

Vilevile jeki. Jeki ni ya kunyanyulia, haikuumbwa kumshikilia mtu. Tofali la saruji linapasuka ghafla bila kuonya, na nimeshuhudia gari likishuka mahali ambapo dakika moja kabla palikuwa na kifua cha kijana. Nunua stendi mbili, vile vyuma vya kuliegemezea gari lililonyanyuliwa, kabla hujanunua spana ya pili. Kama fedha ya stendi haipo, kazi ya chini ya gari isubiri.

Yule mwalimu alirudi miezi michache baadaye, safari hii akiendesha. Gari lake likilala siku tatu lilikuwa haliwaki. Alikuwa amenunua multimita, kipima umeme, ya bei ndogo, akapima umeme unaotoka kwenye betri gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, akakuta ampea 0.4. Akachomoa fyuzi mojamoja, na alipofika ya redio, kipimo kikashuka hadi 0.03. Alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari la shule, kwa safu, pamoja na saa. Spea hakuwa amenunua hata moja. Alitaka tu nimwonyeshe ni waya upi wa redio uliounganishwa kwenye umeme wa moja kwa moja badala ya ule wa swichi. Nilishika tochi, yeye akaushika waya.