Jeshi halimtibu mraibu

"Mpelekeni Msange akanyooke." Hapa Tabora ushauri huu hautakosekana familia ikikaa kikao kuhusu kijana anayevuta unga, Kigoma watataja Bulombora, zote kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini kambi ya JKT ni mahali pa mafunzo, si kituo cha tiba.

Uraibu wa heroini ni ugonjwa. Saa 8 hadi 24 baada ya kukosa dozi, arosto huanza: machozi na kamasi vinamtiririka, mifupa inauma, anatapika, anaharisha, usingizi hauji. Hudumu siku kadhaa. Ukimkimbiza mchakamchaka mtu wa hali hiyo juani, maji yatamwishia mwilini kabla nidhamu haijamwingia. Na akirudi mtaani baada ya miezi bila kutumia, mwili umeshapoteza uzoefu wa unga. Kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Wazazi wengi hawaambiwi hili, nami naona ndilo la kutajwa kwanza.

Wala gwanda si kinga. Vitani Vietnam, askari wengi wa Marekani walianza heroini wakiwa tayari jeshini, hadi mwaka 1971 wakaanza kupimwa mkojo kabla ya kurudishwa kwao. Wengi wa waliozoea waliacha walipofika nyumbani, mbali na unga wa bei rahisi na waliovuta nao.

Kwa hiyo mpelekeni hospitali kwanza, mwelezeni daktari bila kuficha, mkaulizie tiba ya methadoni (dawa ya kutuliza arosto), iliyoanza nchini mwaka 2011. Mafunzo ya JKT yatamngoja akishapona.