Kampuni ya ardhi ikifilisika, risiti pekee haikulindi

Nchini Kenya, wengi huamini kwamba kampuni ya kuuza viwanja ikifilisika, aliyemaliza kulipa hubaki na kiwanja chake na benki hudai kilichobaki. Sivyo. Ikiwa hatimiliki ya shamba zima iliwekwa rehani kabla hujanunua, na benki haikuridhia mauzo, haki yake hutangulia: inaweza kuuza shamba lote ijilipe. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mnunuzi asiye na hati kwa jina lake mara nyingi huishia kupanga foleni na wadai wasio na dhamana. Inauma, hasa pesa zikiwa za chama.

Kabla ya kulipa, omba upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi. Rehani huandikwa humo. Ukiikuta, dai kwanza barua ya benki inayokiachilia kiwanja chako.