Dawa ya mafua si dawa ya kumlaza mtoto

Wazazi wengine humpa mtoto dawa ya mafua ili alale, nayo huzuia vipokezi vya ubongo wake. Vipokezi ni nini?
Ni sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali kutoka kwa seli jirani. Dawa ikizikalia, ujumbe haupiti. Promethazini na klorofeniramini, zilizomo katika dawa nyingi za maji za mafua na mzio, huzuia vipokezi vya histamini, kemikali inayouweka ubongo macho, ndiyo maana mtoto husinzia. Huzuia pia vya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kujifunza na kukumbuka.

Kumbukumbu yake itaharibika?
Kwa wanyama wachanga tumeona ya kutosha kututia hofu. Panya wakipewa skopolamini, kizuizi kikali cha asetilikolini, hujifunza kwa shida. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba kuzuia vipokezi vya NMDA, vinavyopokea kemikali nyingine ya ubongo iitwayo glutamati, kwa saa chache tu katika panya wa siku 7 kuliua seli nyingi za ubongo. Promethazini haihesabiwi katika kundi la dawa za kuzuia NMDA, na mtoto si panya, kwa hiyo sitasema kijiko kimoja kimemharibu mwanao. Ila kuzuia kila usiku ujumbe wa ubongo unaokua, ili mzazi apumzike, sioni utetezi wake.

Kidogo tu, alale?
Hapana.

Hata nusu kijiko? Jirani huwapa wake.
Hapana, hata tone! Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali: promethazini isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua hadi afe. Watoto wa jirani wamenusurika, basi.

Nimeshampa, amelala fofofo. Nisubiri dawa iishe nguvu?
Usisubiri! Hili ndilo linalotuletea watoto hospitalini wakiwa wamechelewa: "tulidhani anapumzika." Mtoto asiyeamka ukimwita na kumtikisa, asiyenyonya, anayepumua polepole au kwa kusitasita, au mwenye midomo ya bluu, hapumziki. Mpeleke hospitali sasa hivi, si asubuhi. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa.

Na dawa ya usingizi ya upasuaji, nayo itadhuru ubongo wake?
Hiyo hutolewa na mtaalamu anayesimamia pumzi yake. Upasuaji wa lazima usiahirishwe kwa hofu hii. Muulize daktari tu.

Nije na nini?
Chupa ya dawa, hata ikiwa tupu. Na useme kweli umempa kiasi gani na saa ngapi. Hatuna muda wa kukubembeleza.