Je, wajua? Kwa nini kadi ya mtandao kwenye kompyuta ya zamani ilikuwa lazima ipangiwe namba kwa mkono

Pachika kadi ya mtandao kwenye kompyuta ya mezani ya miaka ya karibuni, iwashe, na huulizwi chochote. Mfumo unaitambua, unaipa nafasi yake, kazi inaanza. Mwaka 1990 mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Kabla ya kurudisha kifuniko cha kasha, fundi alitakiwa kujua namba mbili, azipange juu ya kadi yenyewe kwa kuhamisha vijampa (vifuniko vinavyounganisha pini mbili za kadi) vyenye ukubwa wa punje ya mchele, kisha aziandike zile zile kwenye mipangilio ya draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Akikosea moja, kompyuta iliganda, au printa iligoma, au mtandao ulikatika kila modemu ilipopiga simu. Kadi nzima, kebo nzima, draiva sahihi. Kilichokosewa ni namba tu.

Namba hizo zilitoka wapi, na kwa nini mashine haikuweza kujipangia? Swali hili lina faida hata leo, kwa sababu kompyuta nyingi za zamani hutupwa kwa madai kwamba "hazishiki mtandao" wakati hazina ubovu wowote.

Tuanze na kinachotokea data inapofika. Data kwenye Ethernet husafiri kwa mafungu yanayoitwa fremu, na fremu ya kawaida haizidi baiti 1518. Kadi ya NE2000, iliyotoka kwa Novell mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuigwa na viwanda vingi, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Sehemu yake ilitengwa kwa data inayotoka. Iliyobaki ilitosha fremu 9 hivi za ukubwa kamili. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, fremu ya namna hiyo huingia kwa milisekunde 1.2 tu. Piga hesabu: prosesa ikichelewa milisekunde 11 au 12 kuja kuchukua mzigo wake, kumbukumbu ya kadi imejaa na fremu zinazofuata zinapotea. Kwa hiyo kadi haiwezi kukaa ikingoja prosesa ipate nafasi ya kuipitia. Lazima iwe na njia ya kuiita.

Njia hiyo ndiyo IRQ (kifupi cha interrupt request, yaani ombi la kukatiza), na namba yake ndiyo ya kwanza kati ya zile mbili. Ni waya unaotoka kwenye sloti hadi kwenye chipu maalumu ya ubao mama. Kadi inapandisha umeme kwenye waya huo, chipu inaiarifu prosesa, nayo prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya na kuendesha draiva ya kadi. Draiva sasa inahitaji kujua mzigo unachukuliwa mlango gani, na hapo ndipo inapoingia namba ya pili: anwani ya I/O, ambayo prosesa huitumia kuandika na kusoma inapozungumza na kadi. NE2000 kwa kawaida ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kwenye anwani 300, kwa hesabu ya heksadesimali (yenye tarakimu 16: 0 hadi 9, kisha A hadi F), na IRQ 3.

Shida ilianzia kwenye uhaba. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na laini 8 tu za IRQ, kuanzia 0 hadi 7. Mwaka 1984 IBM PC AT iliongeza chipu ya pili yenye laini 8 nyingine, lakini chipu hiyo ilijiunga na ya kwanza kwa kupitia laini namba 2, kwa hiyo zikabaki 15. Kumi na tano zinaonekana nyingi hadi uanze kuhesabu wenyeji. Namba 0 ni ya saa ya mfumo, 1 ya kibodi, 6 ya flopi, 7 ya printa, 8 ya saa inayotunza tarehe, 13 ya chipu ya hesabu, 14 ya diski. Namba 4 na 3 zilikuwa za matundu ya COM1 na COM2, walikochomeka watu kipanya na modemu. Kadi ya sauti mara nyingi ilijikalia kwenye 5. Kilipokuja kipanya cha PS/2 kikachukua 12, na njia ya pili ya diski ikachukua 15. Zilizobaki wazi kweli kweli ni 9, 10 na 11.

Umeona tatizo? IRQ 3 ya NE2000 ndiyo hiyo hiyo ya COM2. Kwa maoni yangu lilikuwa chaguo baya, kwa maana liliwatumbukiza wasio na uzoefu kwenye ugomvi siku ya kwanza. Kadi fupi za biti 8 zilikuwa na hali mbaya zaidi: nyaya za 10 na 11 zimo kwenye kipande cha ziada cha sloti kilichokuja na PC AT, kwa hiyo kadi fupi haikuzifikia hata kidogo na ilibidi ing'ang'anie namba za chini pamoja na wengine wote.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini vifaa viwili visitumie waya mmoja kwa zamu. Kwenye sloti za ISA, ambazo ndizo zilizokuwapo, chipu ya ubao mama husikia wito pale tu umeme unapopanda kutoka chini kwenda juu. Modemu ikiwa imeshaupandisha, na kadi ya mtandao ikaita kabla haujashuka, hakuna mpando mwingine unaoonekana. Wito wa pili unapotea. Kadi inakaa na fremu zake, prosesa haiji, na mtumiaji anaona mtandao umekufa ghafla katikati ya kazi. Hii ndiyo sababu ugomvi wa IRQ ulikuwa mgumu kuugundua: kila kitu kilifanya kazi vizuri mpaka vifaa vyote viwili vilipohitajika kwa pamoja.

Anwani nazo zilikuwa na mitego yao. NE2000 haitumii anwani moja bali 32 mfululizo. Ukiipanga kwenye 300 inafika hadi 31F, na hapo kwa kawaida hakuna mwenyewe. Ukiipanga kwenye 360, ambayo ilikuwa miongoni mwa chaguo zilizokuwapo, inafika hadi 37F. Printa ya LPT1 inaishi 378. Namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi, 360 na 378, zinaonekana ziko mbali, lakini kadi imeshaikalia nyumba ya printa. Mafundi wazuri wa zamani walikuwa na mazoea ya kuandika namba za kila kadi na kubandika karatasi hiyo ndani ya kifuniko cha kasha. Ukifungua mashine ya enzi hiyo ukaikuta, itunze.

Mwaka 1993 Microsoft na Intel walitoa kanuni ya Plug and Play (PnP, yaani chomeka utumie) kwa kadi za ISA, na Windows 95 ikaja kuitumia. Kila kadi ilipewa kitambulisho chake. Kompyuta ilipouliza, kadi zote zilijibu kwa pamoja, biti baada ya biti, na kila kadi iliyosikia nyingine ikitangulia ilinyamaza hadi ibaki moja. Hiyo inapewa namba, kisha zoezi linarudiwa kwa zilizobaki. Ni ufundi mzuri sana. Ugumu ulikuwa kwamba kadi za zamani zenye jampa zilikuwa bado zimo ndani ya mashine zile zile, na hazikujua kujitambulisha. Mfumo uligawa IRQ 10 kwa kadi mpya bila kujua kwamba kadi nyingine isiyosema imeshaikalia. Dawa yake iko kwenye BIOS, programu ya ubao mama inayoanza mashine inapowashwa: tafuta ukurasa wa PnP na PCI, kisha itenge ile IRQ kwa ajili ya kadi ya ISA ya zamani. Kadi nyingine, kama 3C509 ya 3Com au zile zenye chipu ya RTL8019, mara nyingi hazina jampa. Hupangwa kwa programu ndogo ya DOS inayohifadhi namba ndani ya kadi. Ukitaka kutumia kadi ya namna hiyo kwenye mfumo usiojua Plug and Play, zima Plug and Play ya kadi kwa programu hiyo kwanza, la sivyo huenda kadi isionekane.

Aliyemaliza ugomvi ni PCI, iliyoanzishwa na Intel mwaka 1992. Kwanza, kila kifaa cha PCI kina ukurasa wa baiti 256 unaosomwa na BIOS mashine inapowaka, na baiti nne za mwanzo zinamtaja mtengenezaji na aina ya kifaa. Pili, waya wa IRQ wa PCI hausikilizwi kwa mpando wa umeme bali kwa hali yake: unashikiliwa chini na kila anayeita, na haurudi juu hadi wa mwisho ahudumiwe. Hakuna wito unaopotea, kwa hiyo kadi mbili au tatu zinaweza kutumia waya mmoja.

Basi kama una kompyuta ya zamani yenye sloti za ISA na za PCI, ushauri wangu hauna kona: tumia PCI, na utafute kadi yenye chipu ya RTL8139 au ya Intel. Sloti za PCI kwa kawaida ni nyeupe na fupi, za ISA ni nyeusi na ndefu. Usitafute kadi ya gigabiti kwa tamaa ya kasi. Sloti za kawaida za PCI zote kwa pamoja zinagawana takribani megabaiti 133 kwa sekunde, pamoja na vifaa vingine vilivyomo, na prosesa ya zamani itachoka kabla kadi haijachoka.

Chomoa waya wa umeme ukutani kabla ya kufungua. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu mashine za ATX huacha umeme mdogo kwenye ubao mama hata zikiwa zimezimwa. Bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja baada ya kuchomoa ili ulioko ndani uishe, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha sukuma kadi wima hadi ikae sawa. Kaza skrubu yake. Kadi isiyokazwa hunyanyuka upande mmoja unapochomeka kebo.

Washa na utazame taa iliyo pembeni ya tundu la kebo. Hapa wengi hudanganyika. Taa hiyo huwashwa na chipu ya kadi yenyewe inapoafikiana na swichi au ruta ya upande wa pili. Inaweza kuwaka hata kama hakuna draiva wala mfumo wa uendeshaji. Inakuambia kuwa kebo na matundu ni mazima, basi.

Kama Windows haikutambua kadi, fungua Device Manager, bofya kifaa chenye alama ya njano na utafute kitambulisho chake. Ukiona VEN_10EC&DEV_8139, hizo ndizo zile baiti nne: 10EC ni Realtek, 8139 ni chipu. Ukiona 8086 ni Intel, waliojichukulia namba ya prosesa yao ya mwaka 1978. Kwa namba hizo utaipata draiva sahihi bila kukisia kwa rangi ya kadi wala jina la boksi. Ipakue kwenye kompyuta nyingine na uilete kwa CD. Windows 98 ya kawaida haisomi flashi mpaka nayo ipewe draiva yake. Kwenye Linux, draiva ya RTL8139 kwa kawaida imo tayari.

Inayofuata ni anwani ya IP, namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Iache kadi iombe anwani yenyewe kutoka kwa ruta. Ukiona imepata inayoanza na 169.254, maana yake imeomba na haikujibiwa, ikajipa ya kubahatisha. Hapo rudi kwenye kebo na ruta, usiguse draiva. Ukipata ya kawaida, kama 192.168.1.20, ipigie ping ruta (ping ni ujumbe mfupi wa kupima kama upande wa pili unajibu), halafu 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google kwenye intaneti, halafu jina la tovuti. Panapokatikia ndipo penye tatizo: ikijibu namba lakini isijibu jina, kosa ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kuping 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe, hakupimi kadi hata kidogo, kwa kuwa ujumbe huo hautoki nje ya programu.

Mtandao ukishika lakini ukawa mzito kupita kiasi, angalia mpangilio wa duplex: full duplex ni kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, half duplex ni kwa zamu. Mtu akilazimisha kadi iwe full duplex huku swichi ikiwa kwenye otomatiki, swichi hukosa wa kuafikiana naye na hushuka kwenye half duplex. Upande mmoja unazungumza wakati wowote, wa pili unadhani huko ni kugongana. Ping hupita vizuri, mafaili makubwa hukwama. Weka pande zote mbili otomatiki.

Na ikiwa ping zote zinajibu ila kurasa hazifunguki, tazama tarehe. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, na kompyuta inayoamini kuwa ni mwaka 2002 huviona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa bado havijaanza kutumika. Badilisha betri, rekebisha saa. Ikishindikana bado, basi ni kivinjari: Internet Explorer 8 kwenye Windows XP haizungumzi TLS 1.2 (toleo la kanuni ya kusimba mawasiliano na tovuti), na tovuti nyingi hazikubali toleo la chini ya hapo. Mashine hiyo ipe Linux nyepesi, au ibakize kwenye mtandao wa ndani kwa mafaili na printa, kwa kuwa Windows XP haikupewa tena viraka vya kawaida vya usalama tangu Aprili 2014.